Mwanza ni samaki na mawe tu? Jibu kwa dada wa Morogoro

Dada mmoja wa Morogoro kaniandikia, nafupisha swali lake. Yeye na mume wake na watoto wawili, wa miaka 13 na 8, wana siku 8 likizo ya mwezi wa 6, hizo ni ukiacha siku za njiani. Wanapenda asili, yaani maji, miti, wanyama, ila hawataki kukaa porini muda wote, wanataka na mji wenye mandhari ambao jioni mnatoka mnatembea kwa miguu mnakula vizuri. Zanzibar wameshaenda mara mbili, Arusha wamefika. Anafikiria Mwanza lakini shemeji yake kamwambia "Mwanza ni samaki na mawe tu, mtachoka siku ya pili". Bajeti ya wafanyakazi wa kawaida, gari hawana. Anauliza aje au asije, na akija aende wapi.

Dada njoo. Nimetembeza wageni kanda hii miaka 14 sasa na kwa maelezo yako hayo sioni sehemu nyingine hapa nchini inayokufaa kuliko huku, maana unataka vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja. Arusha mji ni wa kupita kwenda mbugani, huku mji wenyewe ndo mandhari alafu ziwa liko mlangoni na Serengeti iko mwendo wa masaa mawili tu kwa lami.

Na shemeji yako hajadanganya, ni samaki na mawe kweli. Sema hajakwambia ni mawe gani.

Mkitoka Morogoro pandeni treni ya SGR mpaka Dodoma, mlale pale, asubuhi mchukue basi la Mwanza, watoto hawatachoka sana kuliko kukaa kwenye basi mwanzo mwisho. Mtapita Singida, mtashuka Sekenke, Igunga, Nzega, Shinyanga, tambarare tupu, alafu mkishaivuka Shinyanga mkaanza kuingia Misungwi utaona jiwe moja limesimama shambani peke yake, mbele mengine matatu yamebebana, na kila mnavyosogea yanazidi mpaka mnaingia mjini mnakuta nyumba zimejengwa juu yake na katikati yake na chini yake. Mwambie huyo wa miaka 13 hayo mawe hayakuporomoka kutoka popote. Ni mwamba mmoja wa matale uliokuwa chini ya ardhi, una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu, maji yakawa yanapenya kwenye nyufa zake huko huko chini yanauozesha pembeni taratibu, ukabaki mawe mviringo yamezungukwa na mchanga laini, baadaye mvua zikasomba mchanga wote ndo yakabaki yamekaa hivyo moja juu ya jingine kama kuna mtu kayapanga. Ukilijua hilo mji mzima unauangalia kwa jicho lingine.

Mkishuka stendi ya Nyegezi chukueni bajaji, tafuteni gesti au hoteli ya kawaida maeneo ya katikati ya mji au Isamilo, ziko za bei zote. Usiku nne za kwanza, ukihesabu na ule wa kufika, lalieni hapo hapo mjini, na hili nalisisitiza sana kwa sababu wageni wengi wanakosea hapa, wanafika usiku saa tatu, asubuhi wanakimbilia Serengeti, wakirudi wanapanda basi, alafu wanasema Mwanza wameiona.

Siku ya kwanza msifanye kitu cha maana. Asubuhi pumzikeni, saa kumi jioni tembeeni kwa miguu mpaka Kamanga feri kwenye jiwe la Bismarck, lile linaloonekana kwenye picha zote za Mwanza, liko ndani ya maji hatua chache tu kutoka ufukweni. Jina walilibandika Wajerumani kwa heshima ya Chansela wao. Mji wetu umeangalia magharibi, jua linazama ndani ya ghuba yenyewe, kwahiyo ikifika saa kumi na mbili na nusu kaeni tu hapo mtazame. Maji yanakuwa kwanza ya rangi ya shaba alafu yanaingia uzambarau, mitumbwi ya wavuvi inatoka na taa zao kwenda kutega dagaa, na kwenye miti utawaona wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni wanarudi kulala. Watu wa hapa wameshawazoea, mtoto wako wa miaka 8 hatawazoea, ataongea habari zao wiki nzima.

Usiku kuleni sato. Agiza mzima wa kukaanga au wa kuchoma, na mwambie mpishi akupe na kachumbari na ndimu na ugali, ukitaka wa muhogo sema mapema. Kula kwa mkono, anzia mgongoni nyama inapojaa, alafu usiache kichwa, kile kinyama cha shavuni chini ya jicho ndo utamu wenyewe, wenyeji tunagombaniaga. Sangara naye mzuri, ana minofu minene haina miba midogo, ndo maana kwa watoto nashauri sangara na nyie wakubwa mle sato. Asubuhi ulizia supu ya samaki na chapati.

Siku ya pili Saanane. Hii ni hifadhi ya taifa kabisa iko chini ya TANAPA, ndo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2 na kidogo tu ukihesabu na maji yake, na iko karibu na mji kiasi kwamba ukikaa juu ya jiwe lake unasikia honi za mjini. Mnapandia boti Capri Point, dakika chache mmefika. Jina ni la mzee Saanane aliyekuwa anaishi pale kabla serikali haijakichukua kisiwa, mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Uzuri wake ni kwamba mnatembea kwa miguu na muongozaji, swala pala na pundamilia mnawaona wakiwa wanakula majani na hakuna kioo cha gari katikati. Watoto wataganda kwa pimbi. Hao wanakaa kwenye mapengo ya mawe, wanatoka saa mbili saa tatu asubuhi kuota jua, wanajipanga kama watu walioko kwenye benchi la hospitali, ukisogea hatua moja wote wanageuza shingo kwa pamoja. Na mtaona mjusi dume mwenye kichwa na kifua chekundu cha kuelekea pinki, mwili bluu, anapiga pushapu juu ya jiwe. Anafukuza madume wenzake hapo na anajionyesha kwa majike. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, kabeba jina la mji wetu, na wazungu wanaolipa hela nyingi kwenda Serengeti wanampigaga picha kule bila kujua hapa Mwanza yuko mpaka kwenye ukuta wa gesti.

Nendeni asubuhi. Hii sio kwa sababu ya wanyama tu, ni ziwa. Ziwa letu asubuhi linakuwa limelala, mchana upepo unaamka mawimbi yanapanda, na mwezi wa 6 na wa 7 upepo unakuwaga mkali zaidi. Kuna mwaka nilikubali kuvuka na familia moja saa tisa alasiri kwa sababu walikuwa wana haraka ya basi, boti ya kukodi, safari ya muda mfupi tu, tukapigwa na wimbi mpaka mama mmoja akawa anawaombea wanae kwa sauti na maji yanaingia miguuni. Tulifika salama. Toka siku hiyo sivushi mgeni mchana kwa boti ndogo, awe analipa shilingi ngapi. Na boya lisipokuwepo la kila mtu, mpaka la mtoto la saizi yake, msipande. Watu wa ziwa hatujasahau kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 mwezi wa 5 mwaka 1996, makaburi yako Igoma hapa hapa Mwanza, wala kivuko cha MV Nyerere pale kisiwa cha Ukara mwaka 2018 ambayo iliondoka na watu zaidi ya 200. Chombo ukikiona kimejaa kupita kiasi rudi, kesho kipo kingine.

Sasa kabla sijaendelea niseme la kichocho maana najua watoto wakiona maji wanataka kuingia. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na matete, vinapenya kwenye ngozi yenyewe, sio mpaka unywe maji. Kwahiyo kuogelea tafuteni hoteli yenye bwawa, nyingi zinaruhusu mtu wa nje kwa kulipia kidogo, na ziwani mguse kwa macho. Ikitokea mtoto kaingia usipanike, mkirudi nyumbani zikapita kama wiki sita mpelekeni hospitali apimwe, dawa ipo na inatibu vizuri. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima, malaria huku ipo. Na bebeni masweta, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa 6 kuna kaubaridi.

Siku ya tatu waachieni watoto walale mpaka wachoke, alafu pandeni Isamilo mkauone mji kwa juu. Ni kwenye vilima hivi hivi vya Mwanza ndo Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alisimama tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka 1858 akaliona ziwa akaandika kwao kwamba kalipata na kulipa jina la malkia wao. Wenyeji walikuwa wanaliita Nyanza siku zote. Kutoka juu utaona vilima vya Bugando, Igogo na Bugarika vimejaa nyumba kwenye mawe, usiku taa zake zinakuwa kama nyota zimeshuka. Ukitaka kutembea huko juu kwa miguu tafuta kijana mwenyeji awaongoze, na kabla hamjapiga picha mlango wa mtu pigeni hodi msalimie. "Mwangaluka" asubuhi, mtu akikufanyia wema "wabeja". Mtapewa mpaka viti.

Kuanzia siku ya nne ndo mnaanza mzunguko, na huu mzunguko naupenda sana kwa sababu hamrudi kwa njia mliyoendea. Kodini gari la siku mbili lenye paa la kufunguka, likiwa na dereva anayejua Serengeti, na kama kuna familia nyingine ya kuchangia naye gharama inashuka nusu. Mnaondoka Mwanza kwa barabara ya Musoma asubuhi bila haraka, pale Kisesa mnaingia Bujora, hata nusu saa haifiki kama hamna foleni. Hii ni makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement, akajenga na kanisa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma. Kuna jengo limetengenezwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuna ngoma kubwa za watemi ambazo mtoto akisimama pembeni yake hafiki juu. Mwambie muongozaji awaelezee Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Ngoma zao zilikuwa ni mashindano, vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake, ndo maana wakaanza kucheza na chatu, na nungunungu, chochote cha kumfanya mtazamaji avuke uwanja. Mwezi wa 6 karibu na sikukuu ya Ekaristi kuna mashindano ya Bulabo, kwahiyo kabla hamjapanga tarehe ulizieni Bujora yanaangukia lini, mkibahatisha siku hiyo hata Serengeti isogezeni mbele.

Mnalala Lamadi, kamji kadogo tu, kazi yake kubwa kwenu ni kwamba geti la Ndabaka liko pale karibu. Saa kumi na mbili asubuhi geti linafunguliwa na nyie mko getini. Raia mnalipa kiingilio cha shilingi ambacho hakifanani kabisa na cha wageni, ila bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watoto, na hawapokei pesa mkononi, ni kadi au kontro namba, mwachie dereva alishughulikie siku moja kabla.

Huu upande wa magharibi watu wa Arusha hawauuzi sana kwa sababu uko mbali na kwao, wakati nyumbu kuanzia mwisho wa mwezi wa 5 mpaka mwanzoni mwa wa 7 wanapitaga huku huku, kando ya mto Grumeti, na nyie mnakuja mwezi huo huo. Siwezi kukuahidi kundi kubwa, nyumbu wanafuata mvua na majani, hawana ratiba. Ila mamba wa Grumeti wapo, wakubwa mno, na kwenye miti ya mtoni angalieni juu kuna mbega weupe kwa weusi, mkia mrefu unaning'inia kama taulo. Siku moja nzima kwa watoto inatosha, kufika saa nane huyo mdogo atakuwa kashalala. Jioni dereva awatoe mpaka Bunda mlale hapo, gari lirudi Mwanza.

Siku ya sita kutoka Bunda kuna magari ya kwenda Kisorya, pale mnavuka na kivuko mpaka Rugezi na mko Ukerewe. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika. Mkifika Nansio mwendo wa maisha unabadilika wenyewe, baiskeli nyingi, magari machache, michungwa, mihogo, mpunga mabondeni. Kaeni usiku mbili. Kodini bodaboda au baiskeli mwende Bukindo mkaone jumba la zamani la mtemi, mpande Handebezyo, kilima cha mawe kinachohusishwa na watemi wa Wakerewe, ukiwa juu unaona maji pande zote na miti iliyosimama bila kukatwa. Kuna watu watawaambia mwende na Ukara kuona jiwe linalocheza, ni zuri kweli lakini ni chombo kingine tena cha majini na siku nyingine tena, kwa watoto na muda mlionao mimi ningeacha. Furukombe, yule tai mweupe kichwani, mtamsikia analia asubuhi kabla hamjamuona.

Najua utaniuliza Rubondo. Rubondo ndo hifadhi nzuri kuliko zote za ziwani, kisiwa kimejaa msitu, hifadhi toka 1977, kuna sokwe ambao babu zao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969 wakaachiwa wakarudia maisha ya porini, kuna nzohe, swala wa majini, wanaotembea kwenye matope bila kuzama, kuna tembo na twiga walioletwa. Na sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu mwezi wa 6 mwaka 2025, kilomita 3 juu ya maji, ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakula nusu siku haipo tena, hata kulivuka tu ni matembezi. Lakini boti ya kuwafikisha kisiwani kwa familia ya watu wanne peke yao ni hela, na kuwafuatilia sokwe kuna kikomo cha umri, huyo wa miaka 8 atabaki kambini na mmoja wenu. Subirini akue. Bukoba vivyo hivyo, mji mtamu, kijani kila upande, migomba mpaka mlangoni, kisiwa cha Musira kinakuangalia ukiwa ufukweni, ila inataka safari yake, msiibane hapa. Na mkishapata pasipoti siku moja mzunguke ziwa lote, Kisumu, Jinja panapoanzia mto Nile, Entebbe na bustani yake ya miti ya tangu 1898.

Kwa hiyo siku ya nane asubuhi mnapanda meli Nansio kurudi Mwanza, kama masaa matatu hivi. Ratiba inabadilikaga, ulizieni bandarini siku moja kabla na tiketi mkate hapo hapo. Kaeni upande wa kushoto, maana mkianza kuukaribia mji mawe na nyumba za vilimani vinatokea upande huo kidogo kidogo, na hapo watoto wataanza kuvitaja wenyewe, kile Bugando, pale ndo tulilala.

Mkishuka nendeni mwalo wa Kirumba, yaani pale wavuvi wanapoteremshia samaki, mnunue dagaa wa kubeba, bei yake na ya Morogoro haifanani hata kidogo. Chukua wachache kiganjani uwasugue. Wakiwa wamekauka kwenye chanja au juu ya nyavu mkono unabaki msafi na dagaa anang'aa kama fedha, hajakatika kichwa. Mkono ukibaki na punje za mchanga ujue walianikwa chini, hao hata uwaoshe mara tano utawasikia kwenye meno. Mwambie muuzaji afungue na gunia la chini akuonyeshe, usiangalie la juu tu, na mkishakubaliana bei mfungiwe kwenye mifuko miwili miwili maana basi lina watu wengine. Kilo mbili za shemeji yako zifungwe peke yake.